Mchango wa wahitimu kwa wanafunzi wa sanaa: pesa hupitia wapi na hukwama wapi

Vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, kuanzia Maseno hadi Egerton kule Njoro, Masinde Muliro mjini Kakamega na Moi karibu na Eldoret, vina wahitimu wengi wa sanaa ambao wangependa kuwasaidia walio nyuma yao. Moyo upo. Tatizo ni kwamba ombi linalowafikia halisemi pesa ni za nini, ni kiasi gani, zinatakiwa lini na zitashikwa na nani. Mhitimu akipewa majibu ya maswali hayo manne kabla hajauliza, mara nyingi hutoa. Asipopewa, hungoja aone wenzake watafanya nini, na kungoja huko ndiko kunakoua michango mingi kuliko uchoyo.

Makala haya yanafuata safari ya shilingi hiyo tangu inapotoka kwenye simu ya mhitimu hadi inapomfikia mwanafunzi, na kuonyesha mahali inapopotea.

Pengo lenyewe

Hadi mwaka 2023, mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasoma udaktari au muziki. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 uliigawa gharama ya kozi katika mafungu matatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) na sehemu ya familia, kulingana na uwezo wa kila nyumba. Mahakama Kuu iliukuta mfumo huo una kasoro za kikatiba Desemba 2024, na rufaa ikafuata. Kwa mzazi wa Butere au Rongai, kilichobaki wazi ni kwamba kuna fungu lake, na lazima alitafute.

Mkopo wa HELB nao una sehemu mbili. Moja huenda moja kwa moja chuoni kulipia karo, nyingine humfikia mwanafunzi kwa chakula na malazi. Hakuna sehemu inayohesabu kanvasi, nyuzi za gitaa, mavazi ya jukwaani au nauli ya kwenda kurekodi masimulizi ya wazee. Hapo ndipo mchango wa wahitimu unapofanya kazi ambayo hakuna mfuko mwingine unaoifanya.

Fikiria mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafiti ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Anahitaji nauli ya kwenda Kakamega zaidi ya mara moja, kifaa cha kurekodi, na chochote cha kuwashukuru wapigaji, kwa sababu kwenda kwa mzee mikono mitupu ni utovu wa adabu. Mwanafunzi wa uchongaji anayetumia mawe ya Tabaka, kule Kisii, hununua jiwe kisha hulipia kulisafirisha. Kundi la drama hukodi ukumbi wa mjini, hushona mavazi na kulisha waigizaji siku za mazoezi. Gharama hizi huja kidogo kidogo, hazina risiti za kuvutia, na basari nyingi haziziangalii kwa sababu fomu zake zimeandikwa kwa ajili ya karo peke yake.

Gharama kubwa zaidi kati ya zisizoonekana ni mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi huyaita atachimenti. Wiki 8 hadi 12, mara nyingi Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kuna vyombo vya habari, majumba ya maonyesho na kampuni za matangazo. Mara nyingi mwanafunzi halipwi, na bado analipia chumba, chakula na nauli ya matatu kila asubuhi. Wapo wanaokubali nafasi isiyohusiana na masomo yao kwa sababu tu iko karibu na nyumbani. Wanamaliza chuo bila mtu hata mmoja wa fani yao anayewajua, na katika sanaa kazi hupatikana kwa kujulikana.

Kabla ya kuomba hata shilingi moja, kamati iamue inamsaidia nani. Kitivo cha sanaa na sayansi za jamii kinaweza kuwa na maelfu ya wanafunzi, kuanzia historia hadi sosholojia. Idara ya muziki au ya uchoraji ina wachache. Mfuko wa "wanafunzi wote wa sanaa" huonekana wa haki lakini hauonekani kwa macho, maana kila mmoja atapata kiasi kisichonunua kitu. Ni heri kuanza na idara moja na mahitaji mawili au matatu.

Kisha hesabu. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anahitaji shilingi 3,500 za kuchapa na kujalidi tasnifu, 6,000 za nauli na malazi ya utafiti, na 9,000 za kuongezea kodi ya nyumba wakati wa mafunzo ya kazini. Jumla ni 18,500. Wanafunzi 20 wanahitaji 370,000. Upande wa pili, wahitimu 200 wakiahidi shilingi 200 kila mwezi, ahadi za mwaka ni 480,000. Inatosha kwenye karatasi. Lakini ahadi si pesa, na kamati yenye busara hupanga kana kwamba nusu tu itafika: 240,000, yaani wanafunzi 12 na akiba ndogo. Watangazieni 12. Pesa zikizidi, ongezeni. Kamati iliyotangaza 20 ikaishia kuwarudisha nyumbani 8 hupata shida kuaminika mwaka unaofuata.

Nani ashike pesa

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalopitiwa haraka sana kwenye mikutano.

Njia ya kwanza ni akaunti ya chuo. Ina faida zake: ukaguzi upo, risiti rasmi zipo, na chuo hakihami. Hatari yake ni kuchanganyika. Vyuo vingi vya umma vina madeni, na pesa zilizoingia kwenye akaunti ya jumla bila alama yoyote zinaweza kutumika kwa jambo lililo la dharura siku hiyo. Dawa ni hati ya makubaliano iliyotiwa saini kabla pesa hazijatumwa. Hati hiyo itaje mfuko kwa jina, kazi yake, namba yake ndani ya vitabu vya idara ya fedha, nani anaidhinisha malipo, na taarifa itatolewa mara ngapi kwa mwaka. Iseme pia itakuwaje iwapo hakuna mwanafunzi aliyetimiza masharti, au idara ikiunganishwa na nyingine. Idara huunganishwa kweli, na mfuko uliotajwa kwa jina la idara iliyokufa huweza kukaa miaka bila mtu mwenye mamlaka ya kuutumia.

Kuna mtego mwingine ambao wahitimu wengi hawaujui. Wakituma pesa kwenye akaunti ya karo ya mwanafunzi kwa namba yake ya usajili, mfumo hauoni kwamba ni za rangi na brashi. Unaona deni, unalipunguza. Mwanafunzi mwenye deni la 30,000 aliyetumiwa 10,000 za vifaa atakuwa na deni la 20,000 na bado hana vifaa. Kama lengo ni karo, akaunti hiyo ndiyo mahali pake. Kama lengo ni vifaa, pesa zipitie idarani au zilipwe duka lenyewe.

Njia ya pili ni wakfu wa chuo, pale ulipo, au dhamana (mfuko unaoshikwa na wadhamini kisheria) iliyosajiliwa na wahitimu wenyewe. Hii inafaa pesa nyingi na za muda mrefu. Inahitaji wadhamini, mwanasheria, na hesabu zinazokaguliwa kila mwaka, kwa hiyo haifai kundi linalokusanya laki mbili.

Njia ya tatu ndiyo ya wengi: kundi la darasa au la mwaka mmoja. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022 inaruhusu kundi kama hilo kusajiliwa, likiwa na katiba na viongozi wake, kisha likafungua akaunti ya benki. Wekeni watia saini watatu, na malipo yatoke kwa saini mbili kati ya hizo. Kosa linalorudiwa ni kukusanyia pesa kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani. Mchango huchanganyika na pesa zake za nyumbani, na akiugua au akifariki, pesa zinaingia kwenye mirathi ya familia yake. Kumwepushia mweka hazina hali hiyo ni kumheshimu.

Kwenye M-Pesa, Paybill (namba ya kupokelea malipo) ya kundi lenyewe ina nafasi ya namba ya akaunti, na hapo mchangiaji aandike mwaka aliohitimu na jina, kwa mfano 2011WEKESA. Mwisho wa mwezi mnajua ni darasa lipi limelala. Mkitumia Paybill ya benki, nafasi hiyo huchukuliwa na namba ya akaunti ya benki na alama ya mwaka hupotea, kwa hiyo mtahitaji daftari la pembeni. Ulizeni mapema ada ya kila muamala inalipwa na nani, anayetuma au anayepokea, kwa sababu ada inayokatwa kwenye mchango wa shilingi 200 inaumiza kuliko kwenye 5,000. Kwa wachangiaji wakubwa, muamala mmoja wa M-Pesa hauwezi kuzidi shilingi 250,000. Zaidi ya hapo ni benki.

Kuhusu kodi, sheria ya Kenya inaruhusu mchango wa pesa taslimu kwa shirika la hisani lenye cheti halali cha msamaha wa kodi kuondolewa kwenye mapato kabla kodi haijakokotolewa. Kinachopungua ni mapato: mfanyabiashara anayetozwa asilimia 30 akitoa 10,000, kodi yake hupungua kwa 3,000. Atahitaji risiti na nakala ya cheti. Kundi la darasa kwa kawaida halina cheti hicho, na kuwaahidi watu nafuu ya kodi wasiyoweza kuidai ni kuwapoteza. Wahitimu walioko Uingereza au Marekani wapo katika hali kama hiyo: Gift Aid ya Uingereza, inayoongeza peni 25 kwa kila pauni, hupatikana tu mchango unapopitia shirika la hisani linalotambuliwa huko, na Marekani nayo inataka shirika la kwao. Kama hakuna, watume kama wanavyotuma nyumbani, bila matarajio hayo.

Kuomba kwa adabu na kwa hesabu

Orodha ya wahitimu iko kwa msajili, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu kuwagawia namba za simu za watu waliozitoa kwa ajili ya masomo. Mnaweza kukiomba chuo kiwatumie wahitimu ujumbe kwa niaba yenu, kikiwaacha wenye kutaka wajiandikishe wenyewe. Njia nyingine, iliyo ya haraka zaidi, ni kitabu cha mahafali, ambacho huorodhesha majina kwa kozi. Chukueni majina ya mwaka mmoja, mtafuteni mtu mmoja wa mwaka huo anayependwa na wenzake, na mpeni watu 10 hadi 15 wa kuwapigia. Asipewe 60. Atachoka kwenye wa ishirini na hatawaambia.

Kupiga simu au kumwandikia mtu peke yake hufaulu kuliko tangazo kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye kundi la watu 300 kila mmoja hudhani wengine 299 wameshatoa. Ujumbe mfupi wa kutosha unaweza kuwa hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wa darasa la 2011, muziki. Mwaka huu tunalipia nauli na malazi ya utafiti kwa wanafunzi 12 wa mwaka wa nne, 6,000 kila mmoja. Tunaomba 300 kwa mwezi, miezi 12, kuanzia Septemba. Akaunti ni ya kundi, ina watia saini watatu, na taarifa utaipata Januari na Juni. Ukiona ni nyingi, 100 pia inafaa." Wa rika moja wataanza kwa salamu zao. Lakini kiasi, muda, kazi na mahali pa pesa visiachwe.

Harambee tunaijua vizuri, na ina nguvu yake: watu wanakusanyika, wanaona, wanatoa. Kwa karo ya mtoto mmoja aliyekwama wiki hii, hakuna kinachoishinda. Kwa mfuko wa kila mwaka ina kasoro mbili. Huchosha watu walewale, na kusomwa kwa majina na viwango humfanya mwenye 200 ajifiche. Tangazeni majina ya wote waliotoa bila kiasi, kwa mpangilio wa alfabeti.

Kiasi kiendane na maisha ya anayeombwa. Mhitimu wa karibuni anaanza kudaiwa na HELB mwaka mmoja baada ya kumaliza, kwa riba ya asilimia 4, na asipolipa kuna faini ya 5,000 kwa mwezi. Kumwomba mtu huyo elfu mbili ni kumfanya aikwepe simu yenu kwa miaka. Mwombeni 50 au 100, au muda wake. Walimu, ambao ni wengi sana kati ya wahitimu wa sanaa wa eneo hili, tayari wana makato ya bima ya afya ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, pensheni, na mikopo ya Sacco. Sheria ya Ajira inakataza makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo ombi la kukatwa mchango kwenye hati ya mshahara laweza kurudishwa hata kama mwalimu ameridhia. Wao watume wenyewe siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia.

Wanamuziki, waigizaji na wachoraji hawana tarehe ya mshahara. Wakiombwa kila mwezi watakosa miezi mitatu, wataona aibu, watatoweka. Waombeni mara moja kwa mwaka, Januari, baada ya shughuli za Desemba. Nao wana kitu ambacho pesa hazinunui kirahisi: saa mbili za kumsikiliza mwanafunzi akipiga nyatiti au orutu na kumwambia ukweli, nafasi ya mafunzo ya kazini, barua ya kumtambulisha. Mhitimu mwenye chumba cha ziada Nairobi anayempokea mwanafunzi wiki 10 anaokoa kodi na nauli kubwa kuliko michango ya watu wengi kwa pamoja. Hili liandaliwe kwa uangalifu: idara ijue nani anakaa wapi, mwanafunzi achague mwenyewe, na awe na namba ya mtu wa tatu wa kumpigia akiona mambo hayaendi sawa.

Vifaa vya kupewa bure vinahitaji kukataliwa kwa upole mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Piano ya mbao iliyotoka nchi yenye hewa kavu ikifika kando ya Ziwa Victoria huvuta unyevu, hupoteza sauti, na inahitaji fundi wa mara kwa mara. Kompyuta ya miaka 12 huenda isiweze kuendesha programu za kisasa za kuhariri video. Ulizeni idara kwanza, kisha ulizeni gharama ya usafiri, ushuru na matengenezo ya miaka mitatu. Kama mtoaji hawezi kulipia hayo, kinanda cha umeme cha kawaida kilichonunuliwa Kisumu au Nakuru kitafaa zaidi.

Kugawa

Kamati ya watu watano inatosha: wahadhiri wawili, wahitimu wawili, na mwakilishi mmoja wa wanafunzi asiyeomba msaada mwaka huo. Mwenye undugu na mwombaji atoke chumbani, na kumbukumbu ziandike kwamba alitoka. Fomu iwe ukurasa mmoja: jina, namba ya usajili, mwaka, kitu kinachohitajika, bei yake, na tarehe ya mwisho. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi huwa inajua nani anakula mara moja kwa siku, na inaweza kuthibitisha hali bila kumlazimisha mtu aandike insha ya umaskini wake.

Muda ndio huvunja mipango mizuri. Anayedaiwa karo hunyimwa kadi ya mtihani, na pesa zinazofika wiki ya mtihani mara nyingi humkuta ameshaahirisha muhula. Fomu zifunguliwe wiki ya pili ya muhula, maamuzi yatoke wiki ya tano, malipo yakamilike kabla ya wiki ya nane. Kwa mafunzo ya kazini, pesa zitoke kabla ya kusafiri, kwa kuwa mwenye nyumba Nairobi anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana siku ya kuingia.

Mlipeni mchapaji au muuza vifaa moja kwa moja pale inapowezekana. Nauli na chakula apewe mwanafunzi mwenyewe, naye alete maelezo mafupi ya matumizi. Msidai risiti ya boda. Na picha ya mwanafunzi ameshika hundi kubwa ya karatasi isipigwe kabisa. Huyu atakuwa mwenzenu kazini baada ya miaka miwili, na picha hiyo itakuwa bado mtandaoni.

Taarifa kwa wachangiaji iwe na sentensi tano: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimenunua nini, zimebaki ngapi, na kilichoharibika. Ya tano ndiyo huaminisha zile nne. Kama wanafunzi wawili waliopewa nauli hawakumaliza utafiti, semeni hivyo, na semeni kwa nini.

Mfuko wa kudumu

Mapema au baadaye mtu atapendekeza mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake hauguswi na faida tu ndiyo hutumika. Wazo ni zuri, hesabu yake ni kali. Tuseme mmewekeza 1,000,000 katika hati fungani za serikali (mnaikopesha serikali nayo inawalipa riba) zenye riba ya asilimia 12. Mwaka unaleta 120,000, kwa malipo mawili ya miezi sita. Kodi ya zuio, inayokatwa kabla riba haijawafikia, ni asilimia 15 kwa hati za chini ya miaka 10, asilimia 10 kwa za miaka 10 na kuendelea, kama kundi halina msamaha. Kwa asilimia 10 mnabaki na 108,000. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5, lazima 50,000 zirudi kwenye mtaji ili milioni ile isiliwe na wakati. Zinazobaki ni 58,000, yaani wanafunzi watatu kwa bei ya 18,500 tuliyotumia hapo juu.

Milioni moja kwa wanafunzi watatu. Ndiyo maana michango ya kila mwezi isisimamishwe kwa ajili ya mfuko wa kudumu, na ndiyo maana haifai kuanza nao. Kusanyeni na kugawa miaka mitatu kwanza. Kisha tengeni sehemu ndogo, mfano asilimia 10 ya michango ya kila mwaka, na ikifika 50,000, ambacho ni kiwango cha chini cha hati fungani nyingi za kawaida, nunueni ya kwanza kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu wa kununulia hati hizo, kwa jina la kundi. Jina la mtu binafsi lisitumike kwenye akaunti hiyo hata kama kusajili kundi kutachukua wiki kadhaa zaidi.